Kwa Nini Mtoto Asiyeumwa Achanjwe?

Mzazi wa Igowole aulizapo, "Hapa kijijini hakuna aliyepooza, matone haya ni ya nini?", swali lake si la ujinga. Lastahili jibu la kisayansi.

Virusi vya polio huzaana katika utumbo na huenezwa hasa kwa kinyesi. Katika watu 200 walioambukizwa, hupooza mmoja tu au pungufu. Waliosalia huvieneza bila kujijua. Hivyo, aonekanapo mmoja aliyepooza, huenda mamia wamekwisha kuambukizwa. Ndiyo sababu, mgonjwa mmoja alipothibitishwa Lilongwe, Malawi, Februari 2022, Tanzania ilianza mwezi uliofuata kuwachanja watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma.

Hata hivyo, hofu haiondolewi kwa takwimu peke yake. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, alikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Mwaka 1977 akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya asili. Alipona, na baadaye akawaendea wazazi akiwasimulia kosa lake, ili watoto wao wapewe chanjo ya polio.

Zoezi: Wanafunzi wajadili jinsi ya kumjibu mzazi wa Igowole pasipo kumdharau.