Kabichi ya Kuchachuka

Zamani za merikebu za matanga, mabaharia waliovuka bahari kuu walikaa miezi mingi pasipo kuona nchi kavu. Chakula chao kilikuwa nyama ya chumvi na mikate mikavu. Muda si muda walishikwa na kiseyeye: ufizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, makovu ya zamani hufunguka tena, na asiyepata chakula kibichi hufa.

Mwaka 1768 nahodha James Cook wa Uingereza alitweka matanga ya merikebu Endeavour kwenda Bahari ya Kusini. Katika akiba yake mlikuwa na ratli zaidi ya 7,000 za kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, ambayo Wajerumani huiita Sauerkraut. Mabaharia waliikataa, maana hawakuizoea. Nahodha hakuwalazimisha. Aliamuru iandaliwe kila siku mezani pa wakubwa, nao wote waruhusiwe kuila. Mabaharia akawaachia hiari, atakaye ale, asiyetaka aache. Haikupita wiki moja, kila mtu akaitaka, hata ikawa lazima kuigawa kwa kipimo!

Baadaye wengi wa watu wake walikufa kwa homa na kuhara damu walipofika Batavia na baada ya kuondoka huko, lakini kiseyeye hakikuwaangamiza kama kilivyoangamiza wengine. Isidhaniwe kwamba kabichi peke yake ndiyo iliyowaokoa, kwa kuwa kila walipotia nanga Cook aliwatafutia majani mabichi na matunda. Wakati huo hapana aliyejua sababu. Leo yajulikana kwamba kiseyeye huja kwa kukosa vitamini C, nayo kabichi iliyochachuka huihifadhi kwa miezi mingi, kwa kuwa haikupikwa.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Huchaguliwa kabichi nzito iliyofumba sana. Majani ya nje huondolewa, kisha hukatwa nyembamba mno na kupimwa. Kwa kila kilo 1 hutiwa chumvi gramu 20 au kuzidi kidogo. Huyu apimaye kwa kukisia mkononi hujitafutia hasara: chumvi ikipungua kabichi huoza, ikizidi mno haichachuki. Kisha hukandwa kwa mikono safi mpaka itoe maji yake yenyewe, ikashindiliwa katika chombo cha kioo au cha udongo. Sufuria ya chuma au ya alumini haifai, maana uchachu huila. Juu yake huwekwa jani zima, na juu ya jani jiwe safi lililochemshwa, ili kabichi yote izame chini ya maji. Chombo hufunikwa, lakini kisikazwe, maana ndani hutoka hewa nyingi, na chupa iliyozibwa sana yaweza kupasuka.

Mtu akisikia kwamba chakula kimechacha hudhani kimeharibika, na kwa wali wa jana hudhani kweli. Lakini maziwa ya mgando nayo yamechacha, na hapana ayatupaye. Tofauti ni nini? Juu ya majani ya kabichi mna vijidudu vya namna nyingi, visivyoonekana kwa macho. Viozeshavyo huchukia chumvi, na ukungu hauishi pasipo hewa. Vingine huvumilia yote mawili, navyo hugeuza sukari ya kabichi kuwa asidi ya laktiki, ile ile iliyo katika maziwa ya mgando. Asidi ikizidi, adui hawana nafasi tena. Mwaka 1857 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alieleza kwamba maziwa huchacha kwa kazi ya viumbe hai.

Siku za kwanza mapovu hupanda. Yasipomwagika nje, mambo ni mema, na yakimwagika hupanguswa tu. Penye baridi kiasi kabichi huwa tayari kwa wiki 3 mpaka 6. Penye joto kali huchachuka upesi na kulegea, kwa hiyo chombo huwekwa kivulini, na kabichi huonjwa mapema. Utando mweupe mwembamba juu ya maji huenguliwa. Lakini ikiota ukungu wenye manyoya, ikiteleza kama kamasi, au ikinuka uozo badala ya uchachu, hutupwa yote pasipo kuonjwa.