Trekta Letu: Tukague Breki na Usukani

Wakulima wengi wa Kiwangwa na bonde la Ruvu wanalijua trekta. Linalima, linavuta tela la mananasi au mpunga, na likifungwa pipa hunyunyiza dawa shambani. Lakini trekta ni zito. Pipa la lita 400 likijaa maji ni kilo 400, mbali na uzito wa pipa lenyewe. Mzigo huo husimamishwa na breki, na huongozwa na usukani. Kimoja kikiharibika, watu wanaweza kufa. Leo tujifunze kuvikagua.

PEDELI MBILI

Matrekta mengi yana pedeli mbili za breki. Ya kushoto hukamata gurudumu la nyuma la kushoto. Ya kulia hukamata la kulia. Shambani, kwa mwendo wa polepole, dereva hukanyaga moja ili apinde upesi mwisho wa mstari. Lakini kabla ya kuingia barabarani lazima azifunge pamoja kwa komeo lake.

Tuseme dereva amesahau komeo. Yuko kwenye lami ya Bagamoyo hadi Msata, tela limejaa, vijana wamekaa juu. Mbuzi anakatiza. Haya, dereva anakanyaga pedeli moja tu! Gurudumu moja linakamatwa, la pili linakwenda. Trekta linageuka ghafla na kupinduka. Komeo dogo tu lingewaokoa. Na tela si gari la abiria.

KILA ASUBUHI TUFANYE HIVI

1. Simamisha trekta mahali tambarare. Tazama mafuta ya breki. Tia aina iliyoandikwa katika kitabu cha trekta. Mafuta mengine huharibu mipira ya breki.

2. Kanyaga pedeli. Ikizama sana, usiondoke. Mwite fundi.

3. Washa injini, zungusha usukani kidogo kidogo. Ukizunguka sana kabla magurudumu ya mbele hayajageuka, maungio yake yamelika.

4. Futa udongo kwenye maungio, ndipo utie grisi. Usipofuta, mchanga utaingia ndani na kuyala.

5. Funga komeo. Nenda polepole, ujaribu breki. Trekta likivuta upande mmoja, breki hazilingani. Zirekebishwe kwanza.

Kwenye mteremko, shuka na gia ndogo. Usiweke gia huru, maana tela litakusukuma.

Wewe uliyehitimu kisomo una kazi yako hapa. Msomee dereva kitabu cha trekta. Weka daftari, uandike tarehe, kilichokaguliwa na kilichorekebishwa. Watu husema ajali haina kinga. Sisi tunasema: ajali hii ina kinga, tena haichukui hata nusu saa.

MASWALI

1. Kwa nini pedeli mbili hufungwa pamoja barabarani?
2. Kwa nini tunafuta udongo kabla ya kutia grisi?
3. Katika kijiji chenu, nani anaandika daftari la trekta? Jadilianeni.