Sauti za Redio Zilizohifadhiwa, na Zile Zilizopotea

Baadhi yenu mmekuwa mkituuliza: vipindi vya redio tulivyosikiliza zamani viko wapi? Je, tukivitaka, tutavipata? Ili tulijibu swali hili vizuri, leo tutakwenda Australia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Wazee wa kule wanazikumbuka redio zao za zamani kama wazee wetu wanavyokumbuka ngoma za ujana wao.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Australia ni kubwa kama Tanzania mara nane hivi, lakini sehemu ya katikati ni kavu na watu wake ni wachache. Mfugaji anaweza kuwa na jirani aliye mbali kilomita mia moja. Mtu wa namna hiyo redio kwake si anasa. Redio ndiyo jirani.

Utangazaji ulianza mjini Sydney mwezi Novemba 1923. Mwanzoni walijaribu jambo la ajabu kidogo. Ulinunua redio iliyofungwa ili ishike kituo kimoja tu, kile ulicholipia. Watu hawakuupenda mpango huo. Walionunua hawakuzidi sana 1,400, tena wajanja wakajifunza kuzifungua redio hizo wenyewe. Mwaka uliofuata mpango ukabadilishwa. Tarehe 1 Julai 1932 likaanzishwa shirika la utangazaji la taifa, ABC, ambalo lipo mpaka leo.

Vituo vya kule vilipewa majina ya tarakimu na herufi. Tarakimu ilionyesha jimbo: 2 ni New South Wales, 3 ni Victoria, 7 ni Tasmania. Kwa hiyo ukisikia 2FC unajua ni Sydney, na 3LO ni Melbourne. Leo 3LO inaitwa ABC Radio Melbourne. Jina limebadilika, lakini mtu aliyekua akisikia 3LO jikoni kwa mama yake halitoki kichwani.

Walisikiliza nini? Mwaka 1938 timu ya kriketi ya Australia ilikwenda kucheza Uingereza. Mawimbi ya redio kutoka huko mbali yalikuwa hayaaminiki. Basi ABC ikafanya hivi: mtu aliyekuwa uwanjani Uingereza alipeleka simu za maandishi kila baada ya muda mfupi. Watangazaji wamekaa chumbani Sydney, usiku, wanasoma simu hizo na kutangaza kana kwamba mchezo wanauona kwa macho. Mpira ukipigwa, mtangazaji anagonga kipande cha mbao kwa penseli: ko! Makofi ya watazamaji yalitoka kwenye santuri. Msije mkasema huo ni udanganyifu mtupu. Matokeo yalikuwa ya kweli. Zilizotengenezwa ni sauti tu.

Sisi watu wa elimu ya watu wazima tunavutwa zaidi na michezo ya kuigiza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1944, mama mmoja mwandishi aitwaye Gwen Meredith alianza kuiandikia ABC mchezo wa *The Lawsons*, hadithi ya jamaa ya wakulima. Kusudi mojawapo lilikuwa kuwapa wakulima maarifa ya kilimo bila kuwahutubia. Mwaka 1949 ukafuata mchezo wake mwingine, *Blue Hills*. Huo uliendelea mpaka tarehe 30 Septemba 1976, na sehemu zake zilifika 5,795, kila moja robo saa. Zote aliziandika yeye. Mchana saa saba mashambani kazi ilisimama, watu wanakula huku wanasikiliza.

Redio ya kule ilifanya kazi nyingine ambayo kwetu ingefaa sana. Mwaka 1929 fundi Alfred Traeger alitengeneza redio ya kupokea na kupeleka habari, ambayo umeme wake ulitokana na kukanyaga pedali kama za baiskeli. Mwenye shamba alikanyaga huku akimwita daktari wa ndege. Na mwaka 1951 mjini Alice Springs ikaanzishwa shule ya redio. Watoto wa mashamba ya mbali walisikia mwalimu, nao wakajibu, na mwalimu akawasikia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sauti zote hizo ziko wapi?

Nyingi hazipo. Zamani vipindi vilitangazwa moja kwa moja hewani, na havikurekodiwa. Vilivyorekodiwa vilitiwa kwenye sahani za alumini zilizopakwa utando mwembamba, na wakati wa vita hata sahani za kioo zilitumika. Kioo huvunjika. Utando nao, miaka ikipita, hukauka, hupasuka na kubanduka kama chokaa ya ukuta mbovu, na sauti huondoka nao. Baadaye zikaja kanda. Kanda zilikuwa ghali, basi zikafutwa na kurekodiwa kitu kingine juu yake.

Tusiwacheke. Mmoja wetu hapa ofisini alikuwa na kaseti ya babu yake akieleza mpaka wa shamba na jinsi alivyolipata. Alipokuwa kijana alirekodi juu yake muziki wa dansi kutoka redioni. Babu amekwisha fariki. Muziki unapokwisha, mwishoni kabisa, babu anasikika anakohoa, kisha anasema "haya, zima."

Zilizookoka Australia, nyingi ziko Canberra, katika hifadhi ya taifa ya filamu na sauti, iliyopata kuwa taasisi ya peke yake mwaka 1984. Mafundi husafisha sahani moja moja na kuhamisha sauti kwenye kompyuta. Kanda nyingine zimenyonya unyevu mpaka zinanata, zikipita kwenye mashine zinachunika. Hizo kwanza hutiwa ndani ya jiko la joto dogo kwa saa nyingi, zikauke, ndipo zipigwe. Mwaka 2015 hifadhi hiyo ilitoa onyo kwamba kanda zisizohamishwa ifikapo 2025, nyingi zitapotea. Si kwa sababu ya kuoza tu. Mashine za kuzipigia hazitengenezwi tena, vipuri ni shida, na mafundi wanaozijua wanazeeka.

Hata redio yenyewe hunyamaza. Idhaa ya Radio Australia ilikuwa ikijitambulisha kwa mlio wa kookaburra, ndege wa jamii ya mdiria anayelia kama mtu anayecheka. Tarehe 31 Januari 2017 matangazo yake ya mawimbi mafupi yalifungwa. Siku hiyo hiyo yalifungwa na yale ya wenyeji wa kaskazini mwa nchi. Wakubwa walisema teknolojia imepitwa na wakati. Wafugaji, wavuvi na madereva wa masafa marefu walilalamika: kule porini simu haishiki, mtandao haupo, sasa wasikilize nini?

Mkikutana kwenye kikundi, zungumzeni haya. Nani kijijini kwenu ana kaseti za zamani, na zimewekwa wapi: juani, jikoni kwenye moshi, au mahali pakavu? Mashine ya kuzipigia ipo? Na je, ni mzee gani ambaye sauti yake bado haijarekodiwa? Tuandikieni majibu.