Saratani ya Kinywa: Tunachorithi na Tunachojitakia

Katika mikutano ya kata, elimu ya afya inapogusa tumbaku, swali moja halikosi kuulizwa: "Babu alivuta sigara maisha yake yote akafa kwa uzee, jirani yetu hakufika hamsini, saratani ya ulimi ikamchukua. Mnatuelezaje?" Swali hilo ni la haki, na sehemu ya jibu lake imo katika vinasaba.

Binadamu ana jeni takribani 20,000, na kwa nyingi kati ya hizo hupokea nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Baadhi ya jeni huuelekeza mwili kutengeneza vimeng'enya vinavyosafisha sumu. Tuchukue pombe. Ikishanywewa, mwili huigeuza kuwa asetaldehidi, sumu inayojeruhi vinasaba vya seli. Kisha kimeng'enya kingine huiondoa. Huko Japani, China na Korea, watu wengi hurithi jeni ya ALDH2 iliyo dhaifu, na uso huwaiva wekundu kwa glasi moja tu. Wakiendelea kunywa, hatari yao ya kupata saratani ya umio, koo na kinywa hupanda. Wasipokunywa, udhaifu huo hukosa cha kuudhuru mwili kwa njia hiyo.

Aina hiyo ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika. Mnywaji wa kata zetu asishangilie mapema: pombe ni kisababishi cha saratani ya kinywa hata kwa mwenye jeni imara, na ikiandamana na tumbaku madhara yake huongezeka maradufu. Ugoro, kuberi na popoo vimo katika kundi hilo hilo la hatari, ijapokuwa havitoi moshi.

Kwa watu wengi, mchango wa kila jeni peke yake ni mdogo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 6,000 wa saratani za kinywa na koo kutoka Ulaya na mabara ya Amerika, uliona maeneo kadhaa ya vinasaba yanayohusiana na maradhi hayo. Tofauti hizo zinaweza kusaidia kueleza kwa nini wavutaji wawili hawapatwi sawa, lakini hazimtabirii mtu yeyote kifo wala usalama wake. Babu yule hakuwa na kinga, alibahatika.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni ualbino. Mtoto huzaliwa nao akirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe hawana dalili yoyote. Ngozi na midomo yake hukosa rangi ya kuikinga dhidi ya jua, na saratani ya mdomo humnyemelea angali kijana. Hapa kurithi si kosa la mtu, na si mkosi wa ukoo kama baadhi yetu tunavyonong'ona. Jua ndilo linalojeruhi, nalo huzuilika kwa kofia pana, mafuta ya kujikinga yanayopakwa hadi midomoni, na kuketishwa kivulini darasani na shambani.

Mwenye mzazi au ndugu aliyeugua saratani ya kinywa amweleze tabibu jambo hilo bila kuulizwa. Hahitaji kupimwa vinasaba. Anahitaji kufunua kinywa. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, baka jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, ganzi ya ulimi, jino linalolegea bila sababu au ugumu wa kumeza ni mambo ya kupelekwa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa anaweza kupewa rufaa kwa daktari wa kinywa na meno. Dalili hizi mara nyingi huanza bila maumivu, ndiyo maana wengi huchelewa. Wanaovaa meno ya bandia wayavue kabla ya kuchunguzwa, na wanaotumia ugoro waonyeshe mahali wanapouweka, maana hapo ndipo tabibu atakapotazama kwanza.