Kumpeleka mzee Panda

Ukitaka kumtembeza mzazi wako Likasi, Kongo, acha kwanza habari ya vivutio. Muulize alikaa kambi gani ya wafanyakazi, alisoma wapi, nani alikuwa jirani yake. Mimi ni wa Lubumbashi, na wazee wa ukoo wetu nimewapeleka Panda mara nyingi. Hakuna aliyeniomba nimwonyeshe maporomoko ya maji. Wote walitaka kuona mlango fulani, na kujua nani bado yu hai.

Panda ni komini moja kati ya nne za Likasi, pamoja na Kikula, Shituru na komini ya Likasi yenyewe. Wazee wengine mpaka leo wanauita mji huo Jadotville, ingawa jina lilibadilishwa 1966. Kampuni ya madini ya Union Minière ndiyo iliyoujenga, kisha ikaja Gécamines, na pamoja nazo mshahara, shule, hospitali na posho ya unga. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa ule mpango ulioitwa “kuondoka kwa hiari”. Hiari gani, wazee watakueleza wenyewe. Basi usipange mambo mengi kwa siku moja: kikao kimoja mbele ya nyumba ya zamani kinaweza kula asubuhi nzima, na hiyo ndiyo safari yenyewe.

Nenda kati ya Mei na Agosti. Njia ni kavu, jua si kali, ila usiku wa Juni na Julai baridi inauma, maana mji uko juu ya mita 1,200. Chukua sweta na blanketi. Septemba na Oktoba jakaranda huchanua vizuri sana, lakini joto na vumbi si rafiki wa mwenye pumu. Mvua zikishaanza, mimi sitoki na mzee.

Kutoka Lubumbashi ni kilomita kama 120 kwa barabara ya Kolwezi. Malori ya shaba ndiyo yanayochelewesha, kwa hiyo ondokeni alfajiri. Kodi gari la siku nzima, mpatane bei pamoja na muda wa kungoja kabla ya kuwasha injini. Basi dogo linalosubiri kujaa linamchosha mzee kabla hata ya safari. Yeye akae mbele. Mahali pa choo uliza mapema, usingoje mpaka akuombe, kwa sababu wengi wanaona haya na wataacha kunywa maji. Pikipiki zitakuwa tele, lakini Likasi ni mji wa vilima, na nyonga ya miaka sabini haina kazi juu ya pikipiki. Nabeba kiti cha kukunja. Watu hunicheka, halafu wanakikalia.

Mkifika kambini, salimuni kwanza, nyumba kwa nyumba. Vijana watamwita kambo, yaani babu au bibi, na kumletea kiti wenyewe. Picha za viwanda, reli na madaraja msipige bila ruhusa. Mtapoteza siku nzima mkijieleza. Mzee akianza habari za mgodi wa Shinkolobwe, sikiliza hapo hapo mlipokaa: ndiko ulikotoka urani wa bomu la Hiroshima, na si mahali pa kutembelea. Muulize pia Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walipozingirwa mjini Likasi mpaka wakasalimu amri. Anayependa mawe, mwambie kuna madini yanayoitwa likasite, yaliyopewa jina la mgodi wa Likasi mwaka 1955. Nimeona mzee mmoja akikaa wima kwa fahari aliposikia hilo.

Chakula si tatizo: bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo) na samaki vinapatikana. Mwenye presha aombe chumvi kidogo kabla chungu hakijaenda motoni. Dawa zake zote zitoke nyumbani, za siku mbili zaidi ya safari, na chandarua msisahau. Dola zenu ziwe safi, zisizochanika, maana iliyopasuka hata kidogo itakataliwa. Na faranga ndogo ndogo muwe nazo.

Anayetoka nje ya nchi awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na wewe unayempeleka, tafadhali washa kinasa sauti cha simu yako kabla hajaanza kuongea.