Je, Kristo wangu lazima afanane na wa Michelangelo?

*Nimeombwa kuchora Kristo msalabani katika kanisa moja huku Handeni. Baadhi ya waumini wanataka ninakili Waitaliano wa kale, eti uzuri ule ndio mtakatifu. Nikimpa sura ya Kizigua nitakosea?*
*Mchoraji, Korogwe*

Unahofia kwamba ukiacha sura ya Kiitaliano utapunguza utakatifu. Hutapunguza. Uzuri ule una chimbuko linalojulikana: Marsilio Ficino wa Florence, mfasiri wa Plato, alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni mng'ao wa uzuri wa Mungu, nao huinua roho. Michelangelo aliishi ujanani katika nyumba ya Medici, familia tawala ya Florence, yalikozungumzwa mawazo hayo. Katika mchoro wa chaki nyeusi aliompa rafiki yake, mshairi Vittoria Colonna, karibu na mwaka 1540, Kristo yu hai msalabani, mwili umejipinda kwa nguvu, uso umeelekea juu. Waumini hao watakwambia basi huo ndio mfano wa kufuata. Lakini hoja ya Ficino haichagui pua wala ngozi. Mng'ao huo ukimulika mwili wa binadamu, humulika pia wa mkata mkonge wa Korogwe. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alilionyesha hilo mwaka 1959 alipochora maisha ya Kristo katika mandhari ya Kikuyu, kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya.

Anza kwa kuchora watu walio hai wakiwa wameinua mikono, uone mbavu zinavyotanuka. Kwa Michelangelo chukua ule uhai wa uso. Kabla ya kugusa ukuta, waonyeshe padri na wazee wa kanisa mchoro mdogo. Wakigawanyika, suala lipelekwe dayosisi mapema.