Batri ya Malewa: Mafunzo Niliyopata Kamina

Kamina ni njia panda ya reli: treni ikitoka Lubumbashi, kuanzia hapa njia moja inakwenda Ilebo, nyingine Kabalo hadi Kalemie. Abiria akishuka anataka bukari ya moto na simu yenye chaji. Malewa yangu, yaani mgahawa wangu mdogo, iko jirani na stesheni, na umeme wake wote unatoka kwenye paneli moja ya jua na batri ya volti 12.

1. Piga hesabu kabla ya kununua chombo. Batri ya ampea-saa 100, zidisha kwa volti 12, ina wati-saa 1,200. Lakini batri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila siku inazeeka upesi, kwa hiyo hesabu 600. Mikseri ya wati 300 ikisaga nyanya na pilipili kwa dakika 3 inakula wati-saa 15 tu. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula karibu 90, uwe na birika la bei yoyote. Lita sita za chai, pamoja na kinachopotelea kwenye konvertisa inayogeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani, na umeme wa siku umekwisha. Ndiyo maana kwangu kinachotaka moto kinakaa juu ya mbabula, kwa makala. Batri ni ya kuzungusha, kuangaza na kuchaji simu, na simu zinalipa kuliko chai.

2. Fundi akisema, "Mama, weka tu konvertisa kubwa, birika litakwenda," muulize habari ya waya. Kwa volti 12, birika la wati 1,500 linavuta zaidi ya ampea 125. Waya wa taa utayeyuka ganda. Waya wa konvertisa uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu na ncha chanya ya batri.

3. Friji ndogo imeandikwa wati 80, lakini mota yake inapoanza inadai mara kadhaa ya hizo, na konvertisa ndogo inalia na kujizima. Soda baridi nimemwachia jirani mwenye jenereta. Halafu konvertisa nyingi zinakula kama wati 10 hata bila kazi: kwa saa 24 ni wati-saa 240. Ukimaliza kusaga, izime.

4. Batri ya kamyo si ya jikoni. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Tafuta ya sola, na uinyanyue kabla ya kulipa: ya risasi ya ampea-saa 100 ina kilo 25 hadi 30. Kijana mmoja sokoni aliniambia, "Mama, ni mia, soma mwenyewe." Nikaibeba kwa mkono mmoja. "Mwanangu, hii mia imepungukia njiani."

5. Batri ikichajiwa inatoa hidrojeni, na hewa hiyo inalipuka. Isikae karibu na mbabula. Yangu iko nyuma ya ukuta, penye upepo. Inaongezwa maji yaliyokenekwa ya batri, si asidi wala ya kisima.

6. Kiangazi, Mei hadi Septemba, paneli ya wati 100 inaweza kuleta wati-saa 400 kwa siku, mradi uifute vumbi asubuhi. Mvua zikianza Oktoba, siku ya mawingu mazito hupati hata robo. Siku hiyo mikseri inapumzika, karanga zinarudi kwenye kinu, na mteja anayenuna kwa kelele za mchi anapakuliwa wa mwisho.